Jamani, msiufute ukuta wa mjomba

Najua mmeanza kusema mwenzenu kapotea. Sijapotea. Nipo hapa hapa Buffalo, jimbo la New York, mtaa ule ule wa Kensington-Bailey, nyumba ile ile ya mbao yenye ngazi zinazolia kila ukikanyaga. Ni kubeba boksi tu ndiko kunakonimaliza. Wale mnaodhani huku majuu dola zinaokotwa barabarani, nimeshachoka kuwaeleza.

Leo siandiki habari za theluji wala za bili. Naandika habari za picha. Na mwisho wake nina ombi kwa kaka yangu na kwa wote mlioko Tanga, kwa hiyo msiishie katikati mkasema "haya, kaanza uzungu wake".

Chanzo ni hiki. Wiki iliyopita kaka alinitumia picha kwa WhatsApp: duka letu la Ngamiani limepigwa kwa mbele, na chini yake kaandika, "Tumepata watu wa kutupakia rangi bure." Kumbe kampuni moja ya simu inataka kuupaka ukuta wote rangi yake, kuanzia msingi hadi kwenye bati, iweke na nembo yake, halafu itoe na pesa kidogo. Kaka kafurahi, na ana haki. Ukuta umechakaa, na nani siku hizi anakataa pesa? Lakini mimi nilipoikuza ile picha kwa vidole niliona kitu kimoja tu: kopo la Africafe alilolichora marehemu mjomba, bado lipo, upande wa kushoto wa mlango. Nikakaa kwenye ngazi zangu zinazolia, nikakumbuka siku niliyokwenda kutazama makopo ya watu wengine.

Ilikuwa mwaka 2024, na sikuwaandikia wakati ule kwa sababu niliona aibu kidogo, mtaelewa mbele. Mnajua kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kuna bibi mmoja, mwalimu mstaafu, anatumia kiti cha magurudumu, naye anapenda picha kama mama anavyopenda taarabu. Akaniambia Jumamosi tunakwenda jumba la sanaa la Buffalo AKG, kuna maonyesho ya Marisol. Nikajibu sawa, kimoyomoyo nikisema afadhali kusukuma kiti kuliko kufua mashuka. Yeye ni mwanachama wa pale, kwa hiyo na mimi nikaingia kama mgeni wake.

Kutoka kwetu unaingia barabara kuu ya Kensington, ile inayopita chini kama mtaro mkubwa wa zege. Barabara hiyo ina kisa. Sehemu yake ilikuwa njia pana yenye safu za miti, Humboldt Parkway, iliyobuniwa na Frederick Law Olmsted, yule yule wa Central Park ya New York. Miaka ya 1960 miti ikakatwa, nyumba zikavunjwa, ukachimbwa mtaro wa magari, na mitaa ya watu weusi ikapasuliwa katikati. Miaka hii umekuja mpango wa kuufunika mtaro huo kwa takriban dola bilioni moja, na wenyeji wamebishana juu yake hadi mahakamani. Bibi yangu kila tukipita hapo hutikisa kichwa na kusema neno moja la Kiingereza lenye maana ya upumbavu. Kisha ananyamaza mpaka tufike.

Jumba lenyewe lina nguzo nyeupe, lilifunguliwa mwaka 1905. Kwa miaka mingi liliitwa Albright-Knox. Lilifungwa mwaka 2019 kwa ajili ya upanuzi, likafunguliwa tena Juni 2023 kwa jina la sasa, herufi za matajiri watatu waliolichangia: Albright, Knox na Gundlach. Kuna ua wa ndani uliofunikwa kwa paa la vioo linaloshuka upande mmoja kama shina la mti. Hapo watu huingia bila kulipa, kwa hiyo mkija kunitembelea tutaanzia hapo.

Sasa huyu Marisol. Alizaliwa Paris mwaka 1930, wazazi wake Wavenezuela, akaja kuishi New York. Mama yake alijiua yeye akiwa na miaka 11, na mtoto akaacha kusema. Hata ukubwani alijulikana kwa ukimya wake. Miaka ya 1960 jina lake lilivuma sana katika ile inayoitwa sanaa ya pop, yaani ile iliyowaacha malaika na wafalme ikaanza kuchora makopo, katuni, matangazo na nyota wa sinema, vitu ambavyo kila mtu anavijua. Yeye alikuwa mchongaji. Anachukua gogo au sanduku la mbao, anachora uso juu yake, anabandika mikono ya plasta, na akiona inafaa anaongeza kiatu au mkoba wa kweli.

Nilichokipenda kuliko vyote ni majenerali wawili, George Washington wa Marekani na Simón Bolívar wa Amerika Kusini, wamepanda farasi mmoja, na tumbo la farasi ni pipa. Pipa jamani, kama letu la maji pale uani! Wakombozi wa mabara mawili wamekaa juu ya pipa kama watoto juu ya mkokoteni. Nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi akanigeukia. Kulikuwa pia na sherehe, watu 15 wa mbao wamesimama wamependeza, na ukiwasogelea unaona nyuso zote ni zake yeye Marisol. Hapo sikucheka. Ukiwa mgeni katika nchi ya watu, sherehe nyingi unazoalikwa ndivyo zilivyo: umezungukwa na watu, unazungumza na nafsi yako.

Lakini lililonigusa zaidi ni habari ya wosia. Jumba hili la Buffalo ndilo lilikuwa la kwanza miongoni mwa majumba ya makumbusho kununua kazi yake, wale wale majenerali, mwaka 1962. Baadaye ulimwengu ukamsahau kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 2016 ikaonekana kazi zote zilizobaki mikononi mwake kaziacha kwa jumba hili. Hakuziacha kwa majumba makubwa ya New York alikoishi. Aliwakumbuka waliomthamini mwanzo. Ndiyo maana maonyesho yale yaliandaliwa na mji wetu huu mdogo wa theluji.

Tulipomaliza, bibi akasema hatuondoki kabla hajayasalimia "makopo". Nikamsukuma hadi kwenye picha ya Andy Warhol ya mwaka 1962. Jina lake maana yake ni makopo mia, nayo ndiyo hiyo: kitambaa kirefu kunizidi mimi, na juu yake makopo 100 ya supu ya Campbell's, safu juu ya safu kama rafu ya duka la jumla. Seymour Knox, yule wa kwenye jina la jumba, alilipa jumba picha hii mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya kuchorwa.

Bibi akanisimulia kwamba mwaka huo huo wa 1962 Warhol alionyesha Los Angeles picha 32 za makopo ya supu, kila moja na ladha yake, bei dola 100 kwa picha. Watu walicheka. Duka la sanaa la jirani likapanga makopo halisi ya supu dirishani kuwakejeli. Mwenye ukumbi, Irving Blum, akaamua kuzichukua zote 32 kwa dola 1,000, tena kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Leo ziko katika jumba la MoMA la New York. Bibi anasimulia, mimi nimeganda. Si kwa ajili ya Warhol. Niliganda kwa sababu nilijua nimeshaona kitu hiki, tangu nikiwa mtoto, kila nilipotumwa sukari.

Wadogo ambao hamkumwona mjomba akifanya kazi, nawaambia. Hakusoma chuo chochote. Alikuwa na chaki, uzi, brashi tatu na mikebe ya rangi. Anaupaka uzi chaki, mnaushika huku na huku, anaudundisha ukutani, msitari unatokea umenyooka. Ngamiani nzima ilimjua. Kinyozi akitaka vichwa vya kunyoa, mjomba. Mama wa hoteli akitaka samaki na kikombe chenye moshi, mjomba. Kwenye duka letu alichora Africafe, alichora Blue Band, alichora kiberiti na jogoo, na juu ya mlango akaandika "Kukopa harusi, kulipa matanga" kwa herufi zenye vivuli, ukizitazama jioni unadhani zimetoka nje ya ukuta. Malipo yake mara nyingi yalikuwa sukari na sigara. Na alipokwenda kuposa mara ya kwanza mnajua ilivyokuwa. Wazee wa upande wa pili waliuliza kijana anafanya kazi gani, wakaambiwa ni msanii. Bongo ukimwita mtu msanii ni kama umemwita tapeli. Posa ikarudi.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilipokuwa sekondari na mimi nilikuwa nikificha kwamba yule mwenye suruali ya madoa ya rangi ni mjomba wangu.

Najua kuna watakaonijibu kwamba nachanganya mambo. Watasema Warhol alikuwa anafikiri, mjomba alikuwa anauza kahawa. Nimelipima sana hilo, na haya ndiyo maoni yangu.

Kwanza, hao wakubwa wa sanaa ya pop walitoka huko huko alikokuwa mjomba. Warhol alizaliwa Pittsburgh mwaka 1928, wazazi wake wahamiaji kutoka nchi inayoitwa leo Slovakia, baba kibarua. Mama yake, Julia, alikuwa akikata makopo matupu na kuyageuza maua, anayatembeza mlango kwa mlango kuuza. Nani kati yetu hajawahi kusomea kibatari kilichokuwa kopo? Warhol mwenyewe alianza kwa kuchora matangazo ya viatu, na mwandiko wa mama yake ulitumika katika kazi zake. James Rosenquist, ambaye jumba hili lina picha yake kubwa ya mwaka 1963 iitwayo mhamaji, alikuwa fundi wa mabango, ananing'inia juu ya jukwaa pale Times Square akipaka matangazo makubwa kama nyumba. Yaani mjomba kabisa, ila yeye alikuwa na jengo refu zaidi.

Pili, hata huko kwao kuna mjomba aliyesahaulika. Mwaka 1964 Warhol alionyesha New York maboksi ya mbao yaliyochorwa mithili ya maboksi ya Brillo, ile steli waya yenye sabuni ya kusugulia sufuria. (Na sisi wabeba boksi tunaoyabeba ya kweli hakuna anayetuonyesha popote.) Dunia inalijua boksi la Warhol. Lakini boksi la dukani, lile lenye herufi na rangi zile, lilibuniwa na James Harvey, mchoraji aliyekuwa akifanya kazi ya kubuni vifungashio ili apate riziki. Alikwenda kwenye ufunguzi, akayaona maboksi yake yamepangwa ukumbini kwa jina la mtu mwingine. Alifariki mwaka uliofuata, na ni wachache wanaomtaja.

Tatu, nakubali si kitu kimoja. Warhol alitaka tulitazame kopo upya, mjomba alitaka tulinunue. Lakini hebu niambieni, leo nani anautazama ukuta ule ili anunue kahawa? Hata Africafe yenyewe kaka anaweka ndani, mteja anaiona kwenye rafu. Tangazo limeshamaliza kazi yake, imebaki picha. Na picha hiyo ni mkono wa mtu wetu, jinsi alivyoizungusha herufi ya K, jinsi alivyoweka doa jeupe kwenye kopo ili ling'ae. Hakuna kompyuta inayoweza kuirudisha.

Wala msiniambie vitu hivi vinageuka sanaa vikishafika kwa Wazungu tu. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, akapita kwenye mashamba ya mkonge ya kwetu Tanga, akaenda Dar es Salaam kuhangaika na vibarua. Kwenye mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao mwembamba, kwa rangi za kupakia baiskeli, rangi zile zile alizokuwa akinunua mjomba. Polisi walimpiga risasi kwa makosa mwaka 1972, na alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji, linatajwa hata huku. Lakini zile za mwanzo alizozichora kwa mkono wake zingekuwa wapi kama kila aliyenunua angezitumia kuzibia dirisha?

Na huku kwetu Buffalo, mwaka 2017 jumba hili hili la sanaa lilisimamia wachoraji wanne kuchora ukuta kwenye kona ya Michigan Avenue na East Ferry Street, upande huu wa mashariki tunakoishi watu weusi. Wamechora nyuso 28 za watu waliopigania haki. Ukuta mrefu wa nje, juani na kwenye theluji. Nikipita hapo kwa basi huwa najiuliza mjomba angesema nini. Nadhani angeuliza rangi ni ya mafuta au ya maji, na wamelipwa shilingi ngapi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, kaka, na usinune.

Kabla hao watu hawajaja, toka asubuhi jua likiwa bado upande wa mbele, upige picha ukuta wote, kisha kipande kimoja kimoja, karibu kabisa, herufi kwa herufi. Halafu zungumza nao. Waambie wachukue upande wote wa kulia na juu ya bati, lakini kuanzia mlangoni kwenda kushoto hadi pembeni, pamoja na maneno ya juu ya mlango, pasiguswe. Si zaidi ya hatua tatu. Wakisema hapana, ama wakipunguza pesa, niambie wamepunguza kiasi gani, nitakitoa mimi. Na ile milango ya mbao yenye jogoo, kama mnataka kuweka ya chuma sina neno, ila ya zamani msiipasue kuni. Iwekeni kwa mama, isimame ukumbini. Nitailipia na usafiri.

Najua ni rahisi kusema nikiwa mbali. Mimi si ninayekaa dukani, mimi si ninayeulizwa na wateja mbona duka lenu limechoka. Na paa linavuja, nalijua, hela ya mabati natuma mwezi ujao kama nilivyoahidi. Ukiamua vinginevyo sitagombana nawe, duka umelibeba wewe miaka yote hii. Ila nilitaka ujue kwamba ninachokiomba si uzungu. Kimetoka kwenye ukuta wetu kabla hakijatoka Buffalo.

Na ninyi wengine, kama kuna mwenye picha ya harusi au ya Idi iliyopigwa mbele ya kazi ya mjomba, hata kama yeye haonekani, nitumieni. Kwa kinyozi palishapakwa, hotelini palishavunjwa. Nataka nijue kimebaki nini.

Bibi yangu, nilipomweleza habari hizi juzi nikimwonyesha picha kwenye simu, alivaa miwani, akalitazama lile kopo muda mrefu. Akauliza aliyelichora alifariki lini. Nikamwambia. Akasema nimkumbushe tena kesho jina lake, maana yeye husahau, na analitaka aliandike.

Msalimieni mama, mwambieni kanga imefika na haijachuja. Kaka, nasubiri jibu lako kabla ya mwisho wa mwezi.

Wasalaam,
Mwenzenu wa Bailey